Jembe lililoachwa katikati ya tuta

Shangazi yangu ana swali moja analolirudia kila akimkumbuka binti yake: "Sasa pale ndani anamsaidia nani?" Binti alisoma hadi Senior Six, angekuwa nesi au mwalimu, leo ni mtawa wa ndani upande wa Masaka. Hafundishi, hatibu, hatoki. Anasali na kulima.

Swali si la kijinga. Uganda tumezoea masista wa hospitali na shule, wale unaokutana nao kwenye bodaboda wamekumbatia faili. Faida yao inahesabika. Nami ninayetoa mizigo forodhani Malaba ninaishi kwa kuhesabu: trela ngapi zimevuka, ngapi zimekwama. Kwa hiyo tulipokwenda kumwona, nilikwenda na hesabu zangu.

Tulifika kabla ya saa sita mchana. Ukikaa kwenye baraza ya wageni unaliona shamba, masista wanapalilia maharage kando ya migomba. Mmoja alikuwa amebakiza kama hatua mbili kumaliza tuta lake. Kengele ikalia. Akalaza jembe palepale, akapangusa mikono kwenye aproni, akaenda zake. Hatua mbili! Mimi ningemalizia. Nawe pia, usinidanganye.

Baadaye nikamwuliza binamu yangu kwa nini hawamalizii. Akacheka. "Kaka, maharage hayatakimbia."

Niliporudi nyumbani nikaitafuta Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ya karne ya 6 ambayo Watrapisti, watawa wa ndani kama binamu yangu, wanaifuata hadi leo. Ina sura 73. Ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho, kwa hiyo anayedhani wamekimbilia kustarehe aende akashike jembe lao wiki moja. Lakini ya 43 ndiyo iliyonikamata: ishara ya sala ikisikika, acha ulichoshika mkononi. Yaani kazi ni lazima, ila kazi si bwana wa mtu. Kwangu thamani ya maisha yale iko hapo, wala si kwenye ule utulivu unaosifiwa sana na wageni (kuku wao wanapiga kelele kama wa kwetu). Mimi simu yangu haijawahi kuniruhusu kulaza jembe.

Wapo wanaosema watawa hao wameikimbia dunia. Watrapisti wanaume walioko Masaka hawakuanzia Uganda. Monasteri yao ilianzishwa Kenya mwaka 1956 na watawa kutoka Uholanzi, kule Kipkelion. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia ziliwafuata hukohuko, na mwaka 2008 wakahamia Uganda. Sisi wa Malaba tunaukumbuka mwaka huo, Wakenya wakivuka na magodoro kichwani. Hao ni watu walioweka nadhiri ya kubaki mahali pamoja hadi kufa. Ukuta haukuwaficha. Walipofika walianza upya, kengele ileile, Zaburi zilezile, udongo tu ndio mgeni.

Sitaki kuwapamba. Shangazi hatacheza harusi ya binti yake, hatambeba mjukuu kutoka kwake, na akiugua binti hatakuja kumpikia uji. Hasara hiyo ni ya kweli, na ninakasirika nikisikia mtu kanisani akimwambia ashukuru tu. Aliyetoa kitu hapo si binti peke yake.

Bado hajakubali. Ila mwezi uliopita alinipigia simu saa kumi kasoro usiku. Nilikuwa macho, dereva wangu mmoja alikuwa amekwama kwenye foleni. Nikaogopa, nikadhani kuna msiba. Kumbe miguu ilikuwa inamsumbua, usingizi hauji.

"Saa hizi wameshaamka wale?"

"Wameamka, Shangazi. Wako kwenye Zaburi."

Akanyamaza kidogo. "Haya," akasema, akakata simu.