Kanzu ya Haji na Dawa ya Picha

Hapa Busia, upande wa Uganda, ukichapa picha bila umeme wala mashine watu wanakuona mganga. Mimi huchapa sianotaipu. Karatasi unaipaka dawa gizani, unailaza chini ya negativu, unaianika juani, kisha unaiosha kwa maji matupu na picha inatoka ya buluu. Mwingereza John Herschel aliigundua mwaka 1842, na sisi tulio jirani na ikweta jua la kuichapia halitupi shida.

Hajati, mama mwenye nyumba wangu, aliagiza picha ya mwanawe wakaipeleke kwenye kwanjula, yaani sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, Mukono, Jumamosi. Alhamisi dawa ikaniishia. Dawa zenyewe ni mbili: gramu 25 za amonia feriki sitreti kwenye mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine. Unachanganya nusu kwa nusu. Ferisianidi ilikuwepo. Ile ya kwanza nikaenda kuiulizia dukani.

Muuzaji akapekua rafu, akarudi na mfuko wa chembechembe za kijani. "Hiyo yako hatuna. Chukua ferasi salfeti. Chuma ni chuma, kaka. Hii hata wajawazito wanapewa."

Mtu akishakutajia wajawazito, utambishia nini?

Usiku nikajifungia kwenye bafu la uani. Matone mawili yalipogusana tu, buluu! Jua halijachomoza, karatasi haijaonja mwanga, buluu nzito ishaenea. Nikaziba tundu la dirisha kwa blanketi. Buluu. Nikatupa brashi yenye pete ya bati, maana kutu huharibu dawa, nikatumia pamba. Buluu. Nikayashuku maji ya bomba, nikachota ya mvua. Buluu tena. Karatasi nayo ikapata lawama zake, ingawa karatasi yenye chokaa huifuta buluu, haiileti.

Ndipo nikausoma mfuko vizuri. Feriki na ferasi zote ni chuma, ila cha hali mbili tofauti. Kazi ya jua katika mambo haya ni kuigeuza feriki iwe ferasi, halafu ferasi ishikane na ferisianidi, buluu izaliwe. Sasa mimi nimeuziwa ferasi iliyokwisha kuwa ferasi. Jua lilikuwa limeshafanyiwa kazi yake dukani.

Nikalibeba beseni kwa hasira, nikapiga mlango teke, nikamwaga nje. Jamani, nani anaanika kanzu saa nne za usiku mbele ya mlango wa bafu?

Haji.

Asubuhi Hajati alianza na maji, madoa yakazidi kukolea. Akaleta sabuni ya unga na, bismillahi, buluu ikayeyuka! Akapiga vigelegele. Kanzu ilipokauka, penye buluu pakawa na rangi ya kutu, kwa sababu sabuni kali huivunja buluu hii na kukiacha chuma kwenye uzi.

"Kutu dawa yake ni limau," akasema.

"Hajati, tuisuuze sana kwanza, maana ukitia uchachu..."

"Nyamaza wewe! Wewe hujazaliwa mimi naondoa kutu."

Akakamua. Buluu ikarudi, doa kwa doa, kila moja mahali pake. Haji alikuwa kaketi kibarazani na chai yake. Hakusema kitu, akasogeza kiti tu aione vizuri.

Kumbe jirani alishasoma neno "sianidi" kwenye chupa yangu, akamwita mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Mwenyekiti akavitazama vidole vyangu, vyote kumi buluu. "Wewe ulipiga kura mara ngapi?"

Nikamweleza kwamba sianidi ya humu imebanwa na chuma, haina madhara yale anayoyafikiria, ilimradi isichanganywe na asidi kali. Mwenyekiti akamgeukia Hajati, aliyekuwa bado kashika limau. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia limau halina ukali huo, lakini alikuwa ameshafika getini.

Heri ya kanzu ya Uganda ni kwamba huvaliwa na koti. Jumamosi Haji alilifunga vifungo vyote, akashinda nalo kwenye hema, jasho linamtiririka, kila akiambiwa avue anatikisa kichwa. Upande wa bibi harusi wakamsifu sana: huyu mzee anajiheshimu.

Picha haikwenda. Hajati kaniambia kodi ya mwezi huu ni ileile, ila nimnunulie Haji kanzu mpya, na malimau yake niyarudishe.