Mtafiti wa ridhaa na historia ya manowari: apande jukwaa la wasomi?

Theodore Roosevelt alikuwa na miaka 23 alipochapisha, mwaka 1882, kitabu chake kuhusu mapambano ya baharini ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Hakuwa mwanahistoria wa chuo. William James, mwandishi Mwingereza wa historia ya vita hivyo ambaye Roosevelt alimpinga sana humo, naye alikuwa mwanasheria. Roosevelt alihesabu mizinga na mabaharia wa kila upande kama waliomtangulia, kisha akauliza jambo ambalo wengi wangelipita: je, tufe la mzinga lililoandikwa ratili 24 lilikuwa na ratili 24 kweli? Akakuta matufe ya Wamarekani yamepungua kwa takriban asilimia 7, na hesabu za nguvu za meli zikabidi zipigwe upya.

Udadisi wa namna hiyo bado ndio mtaji wa watafiti wa ridhaa, watu wanaochimba historia ya manowari jioni baada ya kazi nyingine. Wanabishana kuhusu jambo moja: kazi hiyo ina nafasi kwenye kongamano la kitaaluma, au inapotea huko?

Wanaosema inapotea wana hoja. Kikao cha kawaida huchukua dakika 90, kina wawasilishaji watatu, na kila mmoja hupewa dakika 20; zinazobaki ni za maswali. Dakika 20 ni kurasa 8 zilizochapwa kwa nafasi mbili. Mtu aliyetumia miaka 10 kufuatilia kila badiliko la mizinga ya aina moja ya meli hawezi kuubana utafiti wake humo bila kutupa kile kinachoufanya uwe na thamani. Jedwali la unene wa chuma cha deki halisomeki kwenye slaidi, na hakuna anayelinakili. Ada ya kushiriki, nauli na malazi hutoka mfukoni mwake mwenyewe, wakati jirani yake kwenye meza analipiwa na idara. Kisha huja lile swali: “Kwa hiyo?” Kwa aliyezoea kuulizwa “Una uhakika?”, swali hilo husikika kama dharau.

Si dharau. Msomi anauliza ni hoja gani ya watu wengine inayobadilika ikiwa jambo hili ni kweli. Mtafiti wa ridhaa huanza na kama jambo lenyewe ni kweli. Maswali yote mawili ni halali, lakini kongamano limejengwa juu ya la kwanza, na anayefika na jibu la la pili pekee atashukuriwa kwa adabu na kusahaulika kabla ya chai.

Hata hivyo, upande wa pili una uzito zaidi kuliko wengi wanavyokiri, kwa sababu ya makosa. Anayefanya kazi peke yake hurudia kosa lilelile kwa miaka bila wa kumshtua, na historia ya bahari ina mitego isiyoonekana.

Chukua saa. Vita vya Jutland, kati ya manowari za Uingereza na Ujerumani, vilianza 31 Mei 1916. Ujerumani ilikuwa imesogeza saa zake mbele tangu 30 Aprili, na Uingereza ikafuata 21 Mei, lakini meli za Kiingereza ziliendelea kuandika kwa saa ya Greenwich. Tukio moja linaweza kuonekana kwenye nyaraka tatu likiwa na saa tatu, na mtu akajenga nadharia nzima ya meli iliyochelewa kufyatua wakati hakuna aliyechelewa. Tarehe nazo hudanganya. Kabla ya Oktoba 1805, siku katika batli (daftari za safari za meli) za jeshi la majini la Uingereza ilianza adhuhuri na kuitangulia siku ya kawaida, hivyo pambano la saa tisa alasiri ya tarehe 17 limeandikwa chini ya tarehe 18. Nyaraka za Urusi za karne ya 20, hadi mwanzoni mwa 1918, ziko nyuma kwa siku 13: pambano la Tsushima, Warusi walipopigwa na Wajapani, lilianza 27 Mei 1905 kwa kalenda ya leo, na 14 Mei kwa meli za Kirusi zilizokuwa zikizama.

Chukua dira. Pointi moja, yaani sehemu moja kati ya 32 za dira, ni digrii 11.25. Katika Bahari ya Kaskazini mwaka 1916, kaskazini ya sumaku ilipishana na kaskazini halisi kwa takriban digrii 13. Anayechanganya batli ya sumaku na ramani ya kaskazini halisi anakosea kwa zaidi ya pointi nzima, na kwa mwendo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) kila saa moja humpeleka karibu maili 4 na nusu mbali na ilipokuwa meli. Kuna pia mazoea ya kuhesabu yadi 2,000 kwa maili moja ya baharini ya Kiingereza, badala ya 2,026 na kitu. Kwenye maili 8 pengo hufika yadi 213, urefu wa manowari kubwa ya zama hizo. Na tani! Tani ya uzito ya Kiingereza ni kilo 1,016, ilhali tani ya usajili ya meli ya biashara ni ujazo wa futi za ujazo 100, haina uhusiano na uzito wowote. Majumla ya “tani zilizozamishwa” yanayochanganya manowari na meli za biashara huwa yamejumlisha machungwa na mapapai.

Chumba chenye watu 30 wanaoijua mada hukamata kosa la namna hiyo kwa dakika moja. Hilo pekee linatosha kulipia nauli.

Wasomi nao hufaidika. John Brooks alitoka kwenye fani ya kompyuta na mawasiliano ya simu, akachunguza mitambo ya kulengea mizinga iliyobuniwa na Waingereza Arthur Pollen na Frederic Dreyer, na kupinga tafsiri iliyokuwa imejengwa na Jon Sumida, mwanahistoria wa chuo. Jicho la mhandisi liliona yale ambayo jicho la msomaji wa barua za wizara lisingeyaona. Mpinzani atajibu kwamba Brooks alisomea kwanza shahada ya uzamivu, na hapo ana haki.

Mfano wa Kim Kirsner na John Dunn unafaa zaidi. Hawa ni wanasaikolojia wa chuo, wageni tu kwenye historia ya manowari. HMAS Sydney, manowari ya Australia, ilizama 19 Novemba 1941 baada ya kupigana na meli ya Kijerumani Kormoran, na watu wake wote 645. Waliobaki kusimulia ni Wajerumani wa meli hiyo, ambao maelezo yao ya mahali hayakulingana. Kirsner na Dunn waliyachukulia maelezo hayo kama kumbukumbu za binadamu zinazopotoka kwa njia zinazoweza kupimwa, wakapendekeza eneo. Mabaki yalipopatikana Machi 2008, hayakuwa mbali nalo. Hawakuleta waraka mpya hata mmoja. Walileta namna mpya ya kusoma ile ya zamani, na kongamano linaelewa lugha hiyo.

Kwa hiyo msimamo wetu una sharti: nenda ikiwa kuna dai lililochapishwa ambalo kipimo chako kimoja kinalisogeza. Kama ulicho nacho ni orodha kamili, hata iwe bora kuliko zote, ichapishe ikiwa orodha.

Ikisiri ya maneno 250 hadi 300 huombwa miezi mingi kabla. Ianze na kinachoaminika sasa, iseme nyaraka zinaonyesha nini na zimesomwaje, iishie na kinachobadilika. Mahali pa kutaja taasisi andika “mtafiti wa kujitegemea”, bila kuomba radhi. Slaidi 10 zinatosha. Mchoro wa meli wa vipimo vya 1:96 ukipigwa picha mzima, mistari yake hugeuka nyembamba kama nywele. Kata sehemu inayohusika na uichore upya. Ramani ya mwendo ionyeshe saa moja ya pambano, si siku nzima. Picha rasmi za jeshi la majini la Marekani kwa kawaida hazina hakimiliki huko, lakini nyingi za makumbusho zina ada, na ruhusa ya kuonyesha ukumbini si ruhusa ya kuchapisha. Kwenye kona ya kila slaidi weka namba ya jalada. Batli za meli za Uingereza, kwa mfano, zipo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, chini ya namba ADM 53.

Mfukoni beba karatasi moja yenye namba zote hizo, na mbele ya kila saa uliyoitaja, saa ya nani. Maana mtu wa safu ya nyuma, ambaye mara nyingi naye ni wa ridhaa, hatauliza “Kwa hiyo?” Atauliza ni Greenwich au ni ya Wajerumani.