Shahada ya Usimamizi wa Uhandisi: Ya Nani, na Isomwe Lini?

Injinia kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na anayetaka kuendelea na masomo hufika njia panda. Anaweza kuzama zaidi katika fani yake, iwe miundo, umeme au rasilimali za maji. Anaweza pia kusoma usimamizi wa uhandisi, shahada ya uzamili inayotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na inayofanana na kozi za vyuo vingine vya Afrika Mashariki. Wanaoipenda husema ndiyo inayomfikisha injinia kwenye meza ya maamuzi. Wasioipenda husema inatupunguzia mainjinia na kutuongezea wajaza fomu. Mimi naiona kozi hii kuwa muhimu kuliko wengi wanavyokiri. Ugomvi wangu ni na wakati ambao wengi wanaisoma.

Nianze na wanaoitetea, maana hoja yao ina ushahidi unaoonekana kwa macho. Wizara ya Maji ya Tanzania iliwahi kuorodhesha vituo vya kuchotea maji nchi nzima, na mwanzoni mwa muongo uliopita kumbukumbu za vituo zaidi ya 59,000 zikawekwa wazi kwa umma. Takriban asilimia 38 ya vituo hivyo havikuwa vinatoa maji kabisa, na asilimia 7 nyingine vilitoa maji huku vikihitaji matengenezo. Kila kimoja kilikuwa na mtu aliyekisanifu, akapima kina cha kisima na kuchagua kipenyo cha bomba. Yako mahali ambapo usanifu wenyewe ulikosewa, au maji ya ardhini yalishuka. Lakini aliyefanya kazi vijijini anazijua pia sababu nyingine: kipuri cha pampu hakipatikani wilayani, makusanyo ya maji hayana akaunti, fundi aliyepewa mafunzo amehamia mjini, mkandarasi alilipwa kabla mtambo haujajaribiwa. Hakuna somo la hidroliki linalotibu mambo hayo.

Mwaka 2019 ulipoanzishwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kazi ya umeneja wa wilaya ilihitaji mtu wa namna ya pekee. Asubuhi yuko kwenye mfumo wa zabuni, mchana anamdai mkandarasi ratiba mpya, jioni amekaa na jumuiya ya watumiaji maji inayogombana juu ya bei ya ndoo, na kesho yake diwani anamuuliza kwa nini kata yake imerukwa. Huyu ni injinia kwa elimu, lakini siku yake inaamuliwa na mikataba, fedha, watu na muda. Chuo kilimpa miaka minne ya hesabu na maabara na vipindi vichache sana vya hayo mengine. Kumwambia atajifunza kazini ni kuyafanya maji ya watu kuwa karatasi yake ya majaribio.

Kwenye miradi mikubwa hali ni hiyohiyo, ila gharama ya kosa ni kubwa zaidi. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, ulisainiwa Desemba 2018, na kazi ilitarajiwa kukamilika katikati ya 2022. Ujazaji wa bwawa uliotangazwa kuanza Novemba 2021 ulianza Desemba 22, 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mapema 2024. Miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani wakati ule ni kuchelewa kwa kreni ya kunyanyulia milango ya handaki la kuchepushia maji. Katika mradi wa matrilioni ya shilingi, kifaa kimoja ambacho hakijafika kinaweza kuzuia kila kitu kilicho nyuma yake. Njia ya kuitambua kazi ya namna hiyo mapema, yaani kazi ambayo ikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, ilibuniwa kwenye kampuni ya DuPont nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni somo la kawaida kabisa la usimamizi wa miradi. Simaanishi kwamba waliokuwa Rufiji hawakuijua. Ninachosema ni kwamba maarifa haya yanastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaoupa uimara wa zege.

Wapo wanaodhani kozi hii ni maneno matupu ya uongozi na hamasa. Hao ningewaonyesha hesabu moja ya darasani, niliyoitengeneza kwa tarakimu za mfano. Kijiji kinataka pampu. Ya sola inagharimu shilingi milioni 90 kuifunga na milioni 2 kwa mwaka kuitunza. Ya dizeli inagharimu milioni 40 kuifunga, lakini mafuta na matengenezo ni milioni 10 kwa mwaka. Muda ni miaka 10. Ukijumlisha tu, sola ni milioni 110 na dizeli ni milioni 140, na mjadala umekwisha. Mwalimu wa uchumi wa uhandisi hakuruhusu uishie hapo, kwa sababu shilingi utakayoilipa mwaka wa tisa haina uzito wa shilingi unayoitoa leo. Ukizirudisha gharama zote kwenye thamani ya leo kwa riba ya asilimia 5, sola inakuwa kama milioni 105 na dizeli milioni 117, kwa hiyo sola bado inashinda. Kwa riba ya asilimia 10, sola ni milioni 102.3 na dizeli 101.4: zimelingana. Kwa asilimia 15, dizeli imeshuka hadi milioni 90 na sola imebaki kwenye 100.

Pampu ni zilezile, kijiji ni kilekile, jibu limegeuka. Aliyeamua hapo ni chanzo cha fedha: mkopo wa riba nafuu unachagua sola, na mkopo wa benki ya biashara unachagua dizeli. Injinia asiyelijua hili atapeleka wizarani pendekezo zuri la kiufundi, halafu ashangae likirudishwa na mhasibu.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na kijana anayetoka shahada ya kwanza Julai na kuingia uzamili wa usimamizi Oktoba. Ataikokotoa bila kosa, pengine kwa kasi kuliko mimi. Ila karatasi imechukulia kwamba milioni 10 za dizeli zitakusanywa kila mwaka, mwezi kwa mwezi, kutoka kwa watu ambao kipato chao huja baada ya mavuno. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa jumuiya ya maji mwezi Februari, ghala tupu, anajua kwamba makusanyo ya miezi hiyo yanayumba na jenereta inazimwa. Kwa hiyo atauliza swali ambalo halimo kwenye fomula: tukikosa fedha ya mafuta kwa miezi mitatu, watu wanakunywa nini? Swali hilo linaweza kuirudisha sola juu hata kwa riba ya asilimia 15. Fomula anaipata chuoni, lakini swali hili analipata kwenye mkutano ule.

Upande wa wanaoipinga kozi hii nao si wa kupuuzwa. Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni kwamba tunawatoa mafundi bingwa kwenye ufundi wao. Katika utumishi wetu injinia akitaka mshahara wa maana, gari na sauti kikaoni, kwa kawaida lazima awe meneja, mkuu wa idara au mkurugenzi. Aliyetumia miaka 15 kuujua udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasua barabara anapandishwa cheo na kuanza kusaini likizo. Miaka michache baadaye tunaita mshauri elekezi kutoka nje aje atuambie habari za udongo ule. Shahada ya usimamizi, kwa maoni yao, ni mlango wa kutokea. Nawaunga mkono kuhusu tatizo. Kuhusu chanzo chake hapana. Kinachowatoa ni muundo wa vyeo na mishahara. Kampuni ya IBM iliweka tangu miaka ya 1960 cheo cha juu kwa wataalamu, ili mtu apande kwa ubingwa wake bila kulazimika kusimamia watu. Sijaona kwa nini TANROADS, wakala wa barabara, au TANESCO, shirika la umeme, wasiwe na mhandisi bingwa anayelipwa sawa na mkurugenzi. Ngazi hiyo ikiwepo, watakaosoma usimamizi watakuwa wale wanaoutaka kweli.

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi, kwa sababu inahusu uhai. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walisihi kwamba chombo cha anga za juu cha Challenger kisirushwe kesho yake, kwa kuwa baridi kali ingeweza kuzuia pete za mpira kuziba maungio ya roketi. Katikati ya kikao, mkubwa mmoja wa kampuni alimtaka Robert Lund, makamu wa rais wa uhandisi, avue kofia ya uinjinia na avae ya umeneja. Lund akabadilisha msimamo. Asubuhi chombo kikarushwa, kikasambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa.

Wapinzani wanasema: huo ndio umeneja, unamfundisha injinia kuvua kofia. Nimelifikiria hili sana. Somo la usimamizi wa hatari, likifundishwa sawasawa, lingewapa wahandisi wale lugha ya kuitetea hoja yao mbele ya wakubwa, kwani takwimu zao walizionyesha kwa namna ambayo haikuuweka wazi uhusiano wa baridi na uharibifu wa pete. Wakati huohuo, hakuna somo linaloweza kumpa mtu ujasiri wa kukataa kusaini. Huo hujengwa na miaka ya kusaini vitu vidogo na kuwajibika navyo: daraja dogo la wilaya, transfoma ya mtaa, tangi la shule. Anayeingia kwenye umeneja bila kupitia hapo anavaa kofia ya umeneja akiwa hana nyingine ya kuvua, na mimi huyo ananitisha kuliko Lund.

Kuna pia jambo la usajili, ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya 1997 haitoi cheo cha mhandisi mtaalamu kwa wingi wa shahada. Inataka uzoefu wa kazi unaoweza kuthibitishwa. Kenya, mvutano kati ya bodi ya wahandisi na vyuo kuhusu kozi zisizotambuliwa uliwafikisha wahitimu mahakamani. Shahada ya usimamizi ni nyongeza juu ya uinjinia wako, haichukui nafasi yake. Hata mtihani wa kimataifa wa umeneja wa miradi wa PMP unamtaka mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa miezi 36 kabla ya kuketi.

Ipo hoja moja inayonipinga, na si ndogo. Ujerumani, nchi iliyosaidia kuanzisha Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973, imefundisha uinjinia na uchumi pamoja tangu shahada ya kwanza, na mila hiyo ilianzia Berlin miaka ya 1920. Wahitimu wake wanagombewa na viwanda. Basi mbona vijana wa huko hawangojei? Jibu langu ni kwamba hawangojei kwa sababu viwanda viko jirani nao. Mwanafunzi wa huko anaweza kukaa miezi kadhaa kiwandani akiwa na msimamizi na kazi halisi. Wetu anapata wiki chache za mafunzo kwa vitendo, na mara nyingi mwenyeji wake hana kazi ya kumpa zaidi ya kumwonyesha mazingira. Tukiweza kumpa mwanafunzi miezi sita ya kiwandani au saiti, nitakuwa wa kwanza kukubali usimamizi uingie kwa nguvu kwenye shahada ya kwanza.

Kwa sasa ningependa vyuo vidai angalau miaka mitatu ya kazi kwa anayeomba uzamili huu, viweke vipindi jioni ili asiache ajira, na utafiti wake wa mwisho utoke kwenye mradi alioushika mwenyewe: kwa nini mradi wa maji wa wilaya yake ulizidi bajeti, kwa nini karakana yake inasimama mara nyingi.

Pagumu ni kwa mhitimu asiye na ajira. Kumwambia akatafute uzoefu kwanza wakati hakuna anayemwajiri ni kumfungia mlango mara mbili, na namwelewa anayekimbilia uzamili ili asikae nyumbani. Hata hivyo, ada na gharama za kujikimu za miaka miwili zingeweza kumweka saiti ya mkandarasi mdogo kwa posho kidogo, akiwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa na anayemsainia kumbukumbu zake. Bodi ina mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, ulioanza 2003, uliobuniwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kinachokwamisha ni nafasi: wahitimu ni wengi kuliko waajiri walio tayari kuwapokea. Kila mkataba mkubwa wa serikali unaosainiwa bila kumtaja kwa idadi mhitimu atakayefundishwa ndani yake unaliongeza tatizo hilo.