Lori Likipunguza Mwendo, Nani Analipia Dizeli Iliyookolewa?

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei za mafuta, wenye malori wa Mombasa hupiga hesabu upya. Njia moja wanayoikimbilia ni kushusha mwendo: lori lililoruhusiwa kilomita 80 kwa saa, kikomo cha kisheria kwa magari ya mizigo, linafungiwa kidhibiti mwendo lisipite 70. Wengine walishatangulia. Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima mwaka 1974 mafuta yalipoadimika, na bei zilipopaa tena mwaka 2008, kampuni ya Con-way Freight ya huko ilishusha malori yake kutoka maili 65 hadi 62.

Hoja yao ina mashiko. Upepo unaolisukuma lori nyuma huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo ukishuka kutoka 80 hadi 70 unaupunguza kwa karibu robo. Matairi hayachemki sana, na dereva hupata nafasi zaidi ya kusimama punda anapokatiza barabara pale Taru. Hasara ya muda si kubwa: kilomita 480 za kwenda Nairobi kwa mwendo wa 80 ni saa 6, kwa 70 ni kama saa 6 na dakika 50. Mzigo uliokaa baharini wiki kadhaa hauharibiki kwa dakika 50.

Lakini robo ya upepo si robo ya dizeli. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, na lori huondoka hapa likiwa limejaa. Kuzipandisha tani zile kunadai nguvu ileile, uende mbio au taratibu. Faida ya kushusha mwendo inaonekana zaidi kwenye tambarare, na zaidi bado lori linaporudi pwani na kontena tupu. Na huko kurudi ndiko haraka iliko, maana kampuni ya meli hutoza faini kontena likichelewa kurudishwa.

Kisha kuna dizeli inayoungua bila lori kusogea. Injini kubwa ikinguruma tu hunywa takriban lita 3 kwa saa. Foleni ya Changamwe, foleni ya kuingia bandarini, foleni ya mizani ya Mariakani: hakuna kidhibiti mwendo kinachogusa lita hizo. Kampuni inayombana dereva kwa kilomita 10 huku lori lake likinguruma nusu siku getini kwa sababu karatasi za mzigo hazijakamilika, inatafuta akiba mahali ambapo haikuanzia kupotea.

Kinachonikera zaidi ni vile mzigo wa uamuzi huu unavyomwangukia dereva peke yake. Madereva wengi hulipwa kwa safari. Safari ikirefuka na malipo yakibaki palepale, dizeli imeokolewa kwa usingizi wake. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kati ya saa 24. Kwa wastani wa kilomita 60, Nairobi ni saa 8 kamili, na ukihesabu foleni na vilima, lori lililofungiwa 70 halifikishi wastani mkubwa kuliko huo. Aliyepewa muda uleule wa zamani atavunja sheria, au atasinzia kwenye usukani usiku akipita Mtito Andei.

Akibanwa pia kwa hesabu ya lita, atatoa gia. Utayaona mteremko wa Mazeras, malori yakiserereka kuelekea Miritini injini ikiwa haishiki kitu. Hilo haliokoi chochote. Injini za kisasa, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, hujikatia mafuta zenyewe. Ukitoa gia, hunywa ili zisizime, na breki hubeba uzito wote hadi zichemke. Somo hilo dogo lingeokoa dizeli na roho za watu.

Wenye mabasi nao wana lao. Sehemu kubwa ya barabara ya Nairobi ni njia moja kwenda, moja kurudi, na msururu wa malori ya 70 huwafanya wenye haraka wajaribu kupita mahali pasipopitika. Hatari hiyo ni ya kweli, ila sikubali kwamba dawa yake ni lori la makumi ya tani kuongeza mbio.

Kwangu mimi, 70 ni mwendo mzuri. Ila kampuni inayoutaka iandike kwenye karatasi ya safari saa mpya ya kufika, mahali dereva atakapolala, na posho ya usiku huo, kisha iwaendee wenye meli kuomba siku zaidi za kurudisha makontena. Asilimia fulani ya dizeli iliyobaki nayo iingie kwenye mshahara wa dereva, kwa maandishi.