Kabla ya kung'oa themostati

Arusha mtu akionekana Jumamosi ameinamia boneti ya Toyota IST ya mwaka 2004, spana namba 10 mkononi, majirani husema anabana hela. Labda ni kweli. Lakini kazi nyingi za injini iliyochoka zinadai muda kuliko utaalamu, na muda ndio usiopatikana gereji ya mtaa wa Unga Limited yenye foleni ya magari getini.

Chukua gari linalochemsha. Tiba ya haraka inajulikana: themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, inang'olewa, taa nyekundu ya joto inazimika, mteja anaondoka ameridhika. Anaambiwa kidude hicho ni cha nchi za baridi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Njiro saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai anajua baridi ni nini. Bila themostati, maji yanapita rejeta tangu injini inapowashwa, na kwa safari ya kufika mjini injini haipati joto lake kabisa. Kompyuta ya injini ikisoma maji ya baridi inaendelea kumimina petroli ya ziada. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, huku unyevu ukigandamana chini ya mfuniko wa oili kama malai ya rangi ya krimu. Magari madogo mengi ya Toyota hayana hata mshale wa joto, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Bluu isipozimika baada ya kilomita kadhaa, dalili ndiyo hiyo, ila kwa kuwa si nyekundu hakuna anayejali.

Na ugonjwa wenyewe bado upo: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, au mfuniko wa rejeta uliokauka mpira. Huo mfuniko unadharauliwa mno. Kwa mwinuko wa Arusha maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa 1.1, yaani unaoshika shinikizo la bar 1.1 hivi, unayabana mpaka karibu nyuzi 120. Ukilegea, kinga yote hiyo imeondoka, na ukianza kupanda kutoka Himo kwenda Marangu na familia nzima na mizigo ya Desemba, maji yanatokea kwenye chupa ya akiba.

Mwenye gari anaweza kuyapima haya mwenyewe. Injini ikiwa imepoa kabisa, unamwaga maji, unafungua nati mbili kwenye kikombe cha hozi ya chini ya rejeta na kuitoa themostati. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto kikiwepo ni vizuri zaidi. Ya IST inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Maji yakitokota, iwe imefunguka milimita 8 hivi. Isipofunguka, nunua nyingine pamoja na mpira wake. Wakati wa kurudisha, kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu, maana hapo ndipo hewa inapotokea. Kaza kwa mkono mwepesi, weka kulenti (maji maalumu ya rejeta), acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa ya moto, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka mpaka feni iwake. Ndipo ufunike.

Mafundi nao wana lao, na si dogo. Mteja ndiye anayetaka gari lipoe leo kwa bei ya leo; akiambiwa rejeta isafishwe, anahamia gereji ya jirani. Wanaojitengenezea nao huleta balaa zao: kufungua rejeta ya moto na kuungua uso, kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kukaza plagi mpaka meno ya hedi, sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda na ambayo ni ya aluminiamu, yakatoka. Plagi moja iliyopindishwa hivyo inazidi gharama ya ufundi wa mwaka.

Mpaka wa kujitengenezea ni hiyo silinda hedi. Maji yakipungua bila kuvuja, oili ikawa kama chai ya maziwa, au mapovu yasipokoma kwenye rejeta, acha spana. Bolti za hedi ya 1NZ, injini ya IST, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza nyutoni mita 29, kisha robo mzunguko, kisha robo tena, na hedi iliyopinda zaidi ya milimita 0.05 haitazibwa na gasketi mpya hata ya bei gani. Hapo mtafute fundi mwenye rula ya chuma na filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), asiyepima kwa jicho, na umwambie mapema kwamba injini irudi na themostati yake.