Mchezaji wa akiba achaguliwe kwa kazi, si kwa alama

Kwa muda mrefu nilipanga benchi langu kwenye gemu ya soka kwa kuangalia kitu kimoja tu, yaani alama ya jumla ya mchezaji. Aliyekosa namba katika kikosi cha kwanza alishuka benchi kwa kufuata alama zake, na hivyo nikajikuta na washambuliaji watatu, mawinga wawili, kiungo mshambuliaji na kipa, bila beki hata mmoja. Siku hizi naamini kwamba benchi la namna hiyo hutufungisha mechi nyingi kuliko pasi mbovu.

Nakumbuka mechi moja niliyokuwa nikiongoza mabao 2 kwa 1. Kufikia dakika ya 70, beki wangu wa kulia, ambaye nilikuwa nikimpandisha mbele tangu mwanzo, alikuwa amebakiwa na kipande chembamba chekundu katika mstari wake wa pumzi. Winga wa mpinzani alimpita mara ya kwanza, mpira ukagonga mwamba. Alipompita tena nilikandamiza kitufe cha kukimbia hadi kidole kikauma, lakini beki alikuwa anaburuta miguu tu. Krosi ikapigwa, na bao likaingia. Nilisimamisha mchezo, nikafungua orodha ya akiba, na sikuona hata mtu mmoja wa kuziba pengo lile.

Tangu hapo kila anayekaa benchi ana kazi niliyompangia kabla ya filimbi ya kwanza: beki anayeweza kucheza kulia na kushoto, beki wa kati, kiungo mkabaji mwenye pumzi ndefu, winga mwenye kasi, na mshambuliaji mrefu wa kumalizia krosi tunapokuwa nyuma. Winga wa alama 78 anayeingia akiwa mzima humsumbua beki wa alama 85 aliyechoka, na kwa hiyo simwonei aibu mchezaji wa alama ndogo.

Kuhusu wakati wa kufanya mabadiliko, hesabu ni rahisi lakini wengi hawaipigi. Ikiwa kila kipindi cha dakika 45 za gemu kinachukua dakika 6 za saa ya ukutani, basi anayeingia dakika ya 80 anapata takribani sekunde 80 za kucheza, muda ambao huenda usimtoshe hata kugusa mpira mara tatu. Akiingia dakika ya 60 anapata dakika 4 kamili. Ndiyo maana mabadiliko yangu ya kwanza nayafanya wakati wa mapumziko au muda mfupi baadaye, hasa kwa mchezaji mwenye kadi ya njano anayecheza eneo la kukaba, hata kama pumzi yake bado ni nzuri.

Katika soka lenyewe, ruhusa ya kubadilisha wachezaji 5 ilianza kwa muda mwaka 2020, ikawa ya kudumu katika sheria za mwaka 2022, na timu hupewa nafasi 3 za kusimamisha mchezo kwa ajili hiyo, mbali na mapumziko. Gemu inapofuata utaratibu huo, kumtoa mchezaji mmoja mmoja ni kupoteza nafasi, hivyo mimi huingiza wawili kwa pamoja, kisha wawili wengine karibu na dakika ya 70. Wa tano simgusi hadi dakika ya 85, kwa sababu beki akiumia nami nimekwisha kumaliza idadi, nitacheza wachezaji 10 hadi mwisho.