Spika za nyuma zitoke kwenye kabati la TV

Ukiingia sebuleni kwa mtu mwenye muziki wa 5.1, mara nyingi utazikuta spika zote tano kwenye kabati la TV: mbili kushoto, mbili kulia, moja katikati, zimekalia vitambaa. Inaniuma kila nikiona. Mtu kadunduliza hela yake, halafu anasikia kile ambacho spika mbili nzuri zingempa kwa bei ndogo.

Mfumo wa 5.1 una njia tano za sauti zinazojitegemea, pamoja na ya besi. Mchanganya sauti wa filamu huketi katikati ya spika zake na kuamua mlango ubamizwe nyuma, pikipiki itokee kushoto na kupotelea mbele. Ukizirundika zote mbele, mvua nzima inanyesha ndani ya TV.

Anza na kochi, spika baadaye. Kaa pale unapokaa kila siku, itazame TV, nyoosha mikono pembeni usawa wa mabega. Hapo ni nyuzi 90. Irudishe nyuma mpaka kifua kianze kuvutika. Umekaribia nyuzi 110. Spika za nyuma zikae kati ya mistari hiyo, moja kila upande. Wengi wakiambiwa "nyuma" wanazipeleka kwenye kona za ukuta wa nyuma, zikitazama visogo. Kule, nyuzi 135 hadi 150, ni mahali pa jozi ya ziada ya wenye 7.1. Kwa 5.1 utabaki na sauti ya mbele na ya kisogoni, pembeni patupu.

Masikio ya aliyekaa kwenye kochi yapo kama mita moja kutoka sakafuni. Mimi napenda spika hizi zizidi hapo kwa nusu mita hivi, kwa sababu sebule zetu zinajaa watu. Ikiwa usawa wa sikio, aliyekaa mwisho wa kochi anapigiwa kelele, na kichwa chake kinamzibia mwenzake. Mwenye spika za dari za Dolby Atmos, mfumo unaoongeza sauti ya kutoka juu, afanye tofauti: azishushe za pembeni karibu na usawa wa masikio, ili ya juu na ya chini zitofautiane.

Kochi lisigande ukutani kama nafasi ipo. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja kwa kama milisekunde 3. Ni kidogo, lakini ubongo hufuata sauti iliyotangulia kufika, na spika iliyo jirani na sikio itakuvuta utoke kwenye picha. Dawa ipo kwenye menyu ya amplifaya: pima kwa futi kamba umbali wa kila spika hadi unapokaa, ujaze. Itaichelewesha ya karibu zote zifike pamoja. Halafu washa sauti ya majaribio, ule mlio wa "shhh" unaozunguka spika moja moja, usawazishe ukiwa umeketi na rimoti mkononi.

Sabufa, ile spika ya besi, haina masharti hayo. Chini ya hezi 80 sikio halitambui vizuri besi inatoka wapi, ila kona huikuza, na nyuma ya ukuta yupo jirani.

Wengine wanazihamisha na bado nyuma ni kimya. Angalia waya unaotoka kwenye TV. Ule wa AUX hubeba njia mbili tu. Tumia HDMI yenye ARC, ile tundu inayotoa sauti kutoka TV kwenda kwenye amplifaya. Na sinema zilizowekwa sauti ya mtafsiri mara nyingi ni stereo, yaani njia mbili tu, kwa hiyo usiilaumu seti.

Kinachowakwamisha watu hasa ni waya kukatiza sebuleni na mwenye nyumba asiyetaka kusikia drili. Lakini seti nyingi zinakuja na waya mrefu zaidi kwa spika za nyuma, unabaki umefungwa kwenye boksi. Upitishe kando ya ukuta, chini ya ukingo wa zulia, mbali na njia ya watoto. Fundi wa kuchomelea mtaani anakutengenezea stendi mbili za bomba la chuma. Mwambie kitako kiwe kizito. Ukiunga waya, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, ncha zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika zinapingana na sauti ya chini inapungua.